Mwisho wa Upande wa Pili

"Iache hiyo sindano, bibie. Itakukwangulia santuri zote."

Turia aligeuka kwa hasira. Katika vurumai za soko la mitumba la Derb Ghallef kila mtu ana la kukwambia, na siku hiyo hakuwa na subira na yeyote. Aliyesema alikuwa kijana mrefu, koti limepauka viwikoni, amekumbatia boksi la kanda za zamani kama aliyebeba mtoto.

"Wewe fundi?"

"Mgonjwa. Nakusanya vitu ambavyo dunia imeshavitupa. Naitwa Munim."

"Pole, Munim. Mimi usinikusanye."

Akacheka mwenyewe. Kufikia kiangazi ilikuwa haipiti siku hawajaonana. Chumba kizima kwa Munim kilijaa mashine za kurekodi sauti kwenye waya mwembamba, kanda nene ambazo hakuna redio ya gari inayozipiga tena, na santuri za majaribio, zile chache zinazotolewa kwanza ili mwanamuziki asikilize na kuridhia kabla ya nyingine kuchapwa.

Turia alikuwa nayo moja. Marehemu baba yake, mpiga fidla, alirekodi santuri moja tu maishani. Mwishoni mwa upande wa pili, Turia wa miaka minne, aliyepelekwa studio kwa kukosa wa kumwangalia, alipiga kelele. Wenye kiwanda wakataka irudiwe. Baba akasema ibaki hivyo hivyo au isitoke. Haikutoka. Ikabaki hiyo moja, lebo nyeupe, haina hata jina.

Akampa Munim. Hakumwambia mwishoni kuna nini. Alitaka Munim ndiye amwambie.

Siku tatu alizunguka nyumba nzima, simu mkononi. Ya nne akashindwa.

"Umeisikiliza, mpenzi?"

"Nimeisikiliza, roho yangu. Tamu mno! Mzee alijua kuiliza fidla."

"Pande zote?"

"Mwanzo hadi mwisho."

"Na huo mwisho?"

"Ndio umeniua kabisa. Fidla inavyonyamaza taratibu..."

Turia akakata simu. Alikuwa amempa mtu huyu baba yake na utoto wake, naye anamdanganya mchana kweupe.

Kesho yake alimwendea, amevaa jilaba ya kijani ambayo Munim aliipenda, makusudi amchome roho. Aliikuta santuri rafuni, ndani ya mfuko uliofungwa kwa gundi.

"Kila ikipigwa, sindano inaila," Munim akajitetea. "Iko moja tu duniani, Turia! Niliogopa kuiharibu."

"Ukaona heri uniharibu mimi."

Akaondoka bila kuichukua. Wiki mbili hakutulia. Alizima simu, akaiwasha. Alibadilisha mapazia, akarudisha ya zamani. Alitembea hadi baharini akageuka bila kuyatazama maji. Alimchukia Munim, akamkumbuka, akajichukia kwa kumkumbuka.

Ijumaa, vyombo vya kuskusi havijaoshwa, simu ikalia. Akapokea. Upande wa pili ikalia fidla. Katikati ukasikika mkwaruzo mbaya, na Munim akilaani. Fidla ikaendelea mpaka mwisho, na sauti ya mtoto ikapasuka:

"Baba, nina njaa!"

Kisha kicheko cha baba. Turia alikaa sakafuni, akalia.

"Mkono uliniteleza, nimeikwangua," Munim akasema. "Haina thamani tena."

"Kwa nani?"

"Kwa wagonjwa wenzangu. Mimi nimeipiga mara kumi na moja leo. Nilikudanganya, Turia. Nisamehe. Yule mtoto, alipewa chakula?"

"Aliambiwa asubiri."

"Chungulia dirishani."

Chini, juu ya mkokoteni wa muuza supu ya konokono, gramafoni ndogo ya betri ilikuwa imefunguliwa katikati ya mvuke na vumbi, na ile santuri bado inazunguka. Munim alisimama kando yake, bakuli mkononi.

"Mwambie huyo mtoto ashuke, supu inapoa. Na ukikubali, Jumapili namleta mama na sukari ya posa."

"Mwambie muuzaji aongeze mchuzi," akasema Turia, yuko ngazini tayari, pekupeku.