Marudio ya Saa Saba Mchana

Mafuta ya karafuu yalikwisha tangu Februari, lakini kila ilipofika saa saba mchana chumba cha meno kilinukia karafuu. Asnath, aliyeandikisha wagonjwa na kuchemsha vyombo, ndiye aliyeanza kuisikia harufu hiyo. Dokta Derick alimwambia pua yake ina ushamba.

Huyo Derick naye tuseme habari zake. Alikuwa daktari wa meno katika kituo kimoja cha afya karibu na Mtinko, na alijiona kama mtu aliyetupwa. Mtihani wa kuingia kusomea ubingwa alikuwa ameufeli mara mbili, na chuo kilimwandikia kwamba mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Akifaulu, anaondoka. Akifeli, atazeekea hapo hapo akichungulia vinywa vya watu anaowadharau. Wagonjwa aliwaita "meno ya chai," kwa sababu maji ya visima vya huko huyatia meno rangi ya kahawia tangu utotoni. Wazee hakuwaamkia. Naye Asnath, Derick alimwita "dada wa kadi" tu, na mwaka wao wa pili wa kufanya kazi pamoja ulikuwa unakwisha.

Kwa ajili ya marudio ya mtihani huo alikuwa na chupa kubwa, zamani ya asali, aliyoijaza maji ya jiki na meno ya watu. Wagonjwa wengi walipenda kuondoka na jino lao, wakalitupe wanakojua wenyewe, lakini Derick alisema kitu kikishatoka mdomoni ni mali ya hospitali.

Bibi Damari alipong'olewa gego lake la mwisho, alikataa kushuka kwenye kiti.

"Nipe jino langu, mwanangu. Mengine yote ninayo nyumbani kwenye kibuyu. Nataka nizikwe nayo."

"Utatafuna nini huko?"

Gego lenyewe lilikuwa la chini, lenye mizizi mitatu badala ya miwili. Vitu vya namna hiyo hupendwa na watunga mitihani, kwa hiyo lilikwisha kuingia kwenye chupa.

"Dokta, mpe tu," Asnath alinong'ona.

"Dada wa kadi, wewe andika kadi."

Bibi aliitazama ile chupa kwa muda. "Haya," alisema. "Nitamtuma wa kuniulizia." Akaondoka ameshika shavu.

Wiki hiyo hiyo, mchana wenzake walipokwenda kula, Derick alikuwa akisoma kwa sauti peke yake. Akachukua jino moja, akajiuliza, "Gego la kwanza la juu lina mizizi mingapi?"

"Mitatu," sauti ikajibu nyuma ya kiti cha wagonjwa.

Hapakuwa na mtu. Mwenye akili angekimbia. Derick aliuliza swali la pili.

Mwenye sauti alikuwa jini, naye alijua yote: jino lipi hutangulia kuota kwa mtoto, neva ipi hutiwa ganzi ili mdomo wa chini ufe, namna vijidudu vinavyogeuza sukari kuwa tindikali inayokula jino. Derick alifurahi, akadhani amepata mwalimu wa bure. Siku ya nne mwalimu naye akauliza. Jino moja lilipanda lenyewe kutoka kwenye chupa, likasimama hewani likidondosha maji.

"Hili?"

"Chonge la juu, kulia."

"La nani?"

Derick alicheka. Swali hilo halimo kwenye mtaala. Ukasikika mlio mkavu, kama mtu anavunja mfupa wa kuku, na chonge lake mwenyewe la juu kulia, zima, lisilo na tundu, likadondoka juu ya daftari.

Unadhani aliacha? Alivaa barakoa. Mtihani ulikuwa umebaki wiki mbili, na mpumbavu yule alihesabu meno aliyonayo akaona yatatosha.

Kila "la nani" iliyomshinda ilimng'oa jino, na yalipobaki kumi na moja, alimtuma Asnath kwa siri akamwite mganga, Mzee Yohana, yule yule ambaye Derick mwenyewe alikuwa akimtangaza kwa akina mama kuwa ni tapeli. Mzee alifika mlangoni, akavuta pumzi mara moja, asiingie.

"Humu pana anayeuliza," alimwambia Asnath kwa sauti ya chini. "Huyu hafukuzwi, binti yangu. Akijibiwa, anaondoka."

Kesho yake saa saba Asnath aliingia alimokuwa Derick, daftari la wagonjwa kifuani, na ile karafuu ilikuwa nzito hata machozi yakamtoka, na meno yakaanza kupanda kutoka kwenye chupa moja baada ya jingine, na kila moja lilipomkaribia uso sauti iliuliza la nani, naye akajibu bila kufungua daftari, hili la Filipo wa mashine ya alizeti, hili la Yunisi mke wa katibu, hili la mtoto wa Mazengo, hili la Bibi Damari, na kila aliyetajwa jino lake lilitoweka, hadi chupa ikabaki maji matupu.

Kisha chini ya kiti yakapanda mengine, meupe, yenye damu bado.

"Na haya ya nani?"

"Yangu," Derick alisema.

"Sikukuuliza wewe."

Derick alimshika Asnath mkono. "Mwambie. Tafadhali, mwambie jina langu."

"Nitamwambia," Asnath alijibu taratibu. "Na mimi naitwa nani, dokta?"

Derick alifungua mdomo. Alitafuta, jasho likimtiririka, mtu aliyekariri kila neva ya uso.

"Dada..." alianza, akakwama.

Asnath alijitoa mkononi mwake, akageukia kile kiti kitupu.

"Huyu hakuandikishwa," alisema. "Simjui."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.

"Basi tuendelee," sauti ikasema ndani.