Kamera Iliyozibwa Masikio

Kila Jumamosi, Chiriku akimaliza kufua sare zake, huenda kwenye chumba cha kazi cha shangazi yake, mpiga video za harusi. Jina hilo la utani alilipata kwa mdomo wake usiojua kupumzika. Hata hivyo, shangazi alikuwa amemkabidhi kamera ya tatu kwenye harusi iliyopita.

Siku hiyo shangazi aliiagiza programu ya kompyuta izipange picha za kamera zote, midomo na sauti ziende pamoja. Kamera mbili zilitii. Ya tatu ilienda mrama: bibi harusi alifungua kinywa, ikatoka sauti nzito ya baba yake akitoa nasaha.

Shangazi alisema programu imeharibika, ataifuta aiweke upya. Ikishindikana, picha hizo ataziacha. Na ni kamera hiyo pekee iliyomwona bibi harusi akimshukuru mama yake, ambaye angesafiri jioni hiyo akiwa na nakala ya video.

Siku ya harusi Chiriku alikuwa amezima kipaza sauti cha kamera hiyo ili porojo zake na binamu yake zisinaswe. Lakini shangazi mwenyewe husema sauti za kamera hutupwa, hubaki ya kinasa sauti cha mezani. Kitu cha kutupwa kitaharibuje kazi? Hata hivyo alishuku kuwa ndicho chanzo. Akisema, atanyang'anywa kamera. Asiposema, mama wa watu ataondoka bila shukrani zake.

"Shangazi, usiifute. Nilizima sauti. Nilikuwa napiga soga."

"Soga gani?"

"Viatu vya bwana harusi."

Shangazi alijizuia kutabasamu. "Programu haina macho, mwanangu. Husikiliza kila kamera na kulinganisha milio. Ikishapanga, ndipo sauti hizo hutupwa."

"Yaani hutupwa baada ya kufanya kazi?"

"Kama jukwaa la waashi. Nyumba ikiisha hubomolewa, lakini huwezi kujenga bila hilo."

Walitafuta mahali wageni walipopiga makofi. Shangazi aliivuta picha kidogo kidogo hadi viganja vikakutana na mlio. Bibi harusi akashukuru kwa sauti yake mwenyewe.

"Harusi ijayo utabeba nyaya, si kamera," shangazi alisema. "Kosa ukilisema, tunalitengeneza. Ukilificha, lawama humwangukia mwingine. Leo ni programu. Kesho atakuwa mtu."