Sauti Ndani ya Diski Iliyofutwa

Diski ilikuwa ya moto. Fundi aliigusa asubuhi alipokuwa akipangusa vumbi rafuni, akarudisha mkono haraka kama aliyegusa sufuria jikoni. Haikuwa imechomekwa popote. Siku nne zilikuwa zimepita tangu aichomoe kwenye kompyuta ya dada yake. Alijiambia ni jua la dirishani, ingawa dirisha lile halikupata jua mpaka alasiri.

Mtaani walimwita Daktari, kwa sababu kompyuta zilizowashinda wengine zilipona mikononi mwake, na jina hilo lilimkaa vizuri. Ndiyo maana dada yake, aliyefiwa na mume miezi saba nyuma, alimletea yeye kompyuta ya marehemu. Ilikuwa imekuwa nzito, robo saa nzima kuwaka. Dada alimwomba jambo moja tu: kabla hajaisafisha, atoe kwanza sauti kumi na nne ambazo shemeji yake alizirekodi akiwa mgonjwa kitandani, kwa ajili ya binti yao wa miaka tisa. Daktari aliitikia bila kuinua macho kwenye simu. Kesho yake akaifomati diski yote, ikabaki tupu.

Dada alipokuja, alimkuta ameshaweka diski mpya ili kuficha kosa lake.

"Dada, ile ya zamani niliikuta imeshakufa," alimwambia.

Dada alifuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akamshukuru kwa kujaribu. Shukrani ile ndiyo iliyomnyima raha. Tangu siku hiyo simu ya dada ikilia, aliiacha ilie.

Sasa diski ilikuwa ya moto, naye akaamua kujaribu kuzirudisha zile sauti. Alijua kwamba kufomati hakumalizi kila kitu. Kinachofutwa ni orodha ya mafaili, lakini mafaili yenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na bado hakuwa ameandika kitu. Akawasha kompyuta yake yenye mfumo wa Linux, akainakili diski nzima asije akaiharibu zaidi, kisha akaiamuru programu ya kuchimbua mafaili iifukue nakala ile. Mistari ikapanda kwenye skrini nyeusi. Saa nane mchana mafaili yakaanza kutoka, hayana majina, yana namba tu. Akayahesabu ya sauti. Yalikuwa kumi na manne. Nusura alie kwa furaha.

Akafungua la kwanza. Alisikia kikohozi cha shemeji yake, mto ukisogezwa, pumzi ndefu.

"Mwanangu," ilisema sauti ya marehemu.

Kisha ikaja sauti nyingine, na ilikuwa yake mwenyewe. "Dada, ile ya zamani niliikuta imeshakufa."

Akafungua la pili, likawa lile lile. La tatu pia. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, akachomoa spika, sauti haikukoma, akazima mashine, haikukoma, ikawa inatoka kwenye diski yenyewe pale mezani, taratibu, kwa upole ule ule aliomdanganyia dada yake, na nyuma ya maneno yale kulikuwa na kitu kinachohema, kinachovuta pumzi pale anapovuta yeye na kuitoa pale anapoitoa, mpaka akajaribu kuizuia pumzi yake, na kitu kile nacho kikanyamaza, kikimsubiri.

Alitoka mbio mpaka kwa jirani yake, mshonaji mmoja mtu mzima waliyemwita Bi Sindano, ambaye watu walimfuata kwa nguo na kwa majini pia. Bi Sindano aliacha cherehani, akaja, akasimama mlangoni akinusa. Hakuingia. Alimuuliza amemdanganya nani. Daktari akasema hakuelewa swali. Mama yule akamtazama mpaka Daktari akainamisha kichwa na kumsimulia.

"Hakikuja na diski hicho," Bi Sindano alisema kwa sauti ya chini. "Kilipata mahali patupu, na wewe ukakifungia mlango kwa uongo. Mimi naweza kukitoa, lakini wewe kwanza umwambie ukweli mwenye haki nao. Na usibakize neno."

Alasiri ile walikwenda wote wawili kwa dada. Daktari alibeba yale mafaili kwenye flashi, na diski ndani ya taulo, ikimuunguza hata hivyo. Dada aliwakaribisha sebuleni, binti yake akaja kukaa karibu naye. Bi Sindano akaweka bakuli la maji sakafuni, akaanza kusoma dua kimyakimya. Daktari akakiri kwamba diski aliifuta yeye, na kwamba sauti amezipata tena. Alisahau, alisema. Kazi zilikuwa nyingi, akasahau.

Dada hakupandisha sauti. "Ungeniambia siku ile, ningekasirika siku mbili," alisema. "Hebu mtoto asikilize."

Wakachomeka flashi kwenye kompyuta ya marehemu. Mtoto akavaa vipokea sauti masikioni, akatabasamu kwa neno la kwanza. Halafu sauti ikabadilika, tabasamu likaondoka. Akavivua, akamtazama mjomba wake.

"Mjomba, kumbe uliliona jina langu?"

Maji yalikuwa yanachemka bakulini bila moto. Daktari akateremka kitini mpaka sakafuni, usawa wa macho ya mtoto. Akasema yote. Hakusahau. Aliifungua folda yenye jina la mtoto, akaziona sauti, akafikiri kuzinakili kutamchelewesha nusu saa, naye alitaka kwenda kutazama mpira. Mashine ilimuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo.

Maji yakatulia. Harufu ile ya nywele zilizoungua ikapita kati yao kama mtu anayeaga, mlango ukajifungua, kisha ukajirudishia. Bi Sindano akaigusa diski, akasema imepoa.

Mtoto alivaa tena vipokea sauti. Alisikiliza, kisha akacheka kicheko kifupi, kama mtoto aliyetaniwa na baba yake. Dada akamkumbatia na kumwingiza chumbani pamoja na kompyuta, akaufunga mlango taratibu.

Bi Sindano alichukua bakuli lake akaondoka. Daktari alibaki sebuleni, taulo mkononi, akisikia kupitia ubao wa mlango watu wawili wakicheka na kulia kwa maneno ambayo hayakumhusu. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwita. Jua lilipotua alivaa viatu vyake, akatoka bila kuaga.