Kisanduku cha Kutafutia Damu

Kila Jumatano baada ya vipindi, Hasina alikuwa wa kwanza kuingia katika chumba cha kompyuta cha shule yao, nje kidogo ya Msambweni. Alipangusa mchanga uliopenya dirishani, akawasha laptopu nne za klabu ya kompyuta, kisha akakaa kumngoja Mwalimu Rispah. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya wenzake wote.

Muhula ule klabu ilikuwa na kazi ya maana. Bi Mwanapili, katibu wa kikundi cha wachangia damu, alikuwa ameandika wanachama mia tatu na kumi na wawili katika daftari kuukuu lililoanza kuchanika. Mwalimu Rispah alitengeneza programu ya kuwahifadhi, na wanafunzi wakaingiza habari zote: jina, simu, kundi la damu na kijiji cha kila mtu. Kilichobaki kilikuwa kisanduku cha kutafuta katika ukurasa wa msimamizi, ambao Bi Mwanapili angeutumia.

"Kisanduku hiki hakijui kitazame wapi mpaka ukiambie," mwalimu alimweleza Hasina. "Katika mstari huu unakiorodheshea sehemu za kutafuta. Tunazitaka zote nne. Ongeza moja, jaribu, ndipo uongeze nyingine."

Hasina aliandika sehemu ya jina, akajaribu, ikafanya kazi. Lakini jioni ile binamu yake, aliyekuwa akiolewa Ijumaa, alikuwa anapakwa hina, na moyo wa Hasina ulikuwa umeshatangulia huko. Basi akaziongeza sehemu tatu zilizobaki kwa mkupuo mmoja. Alipotafuta, ukurasa ukageuka njano, umejaa maneno ya Kiingereza asiyoyaelewa. Akatazama saa. Akazifuta zote tatu, akaacha jina peke yake, na ukurasa ukarudi kama kawaida.

"Umejaribu sehemu zote nne?" Mwalimu Rispah aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimejaribu, mwalimu. Zote zinafanya kazi."

Mwalimu akamwamini.

Hina ilipakwa na nyimbo zikaimbwa, lakini Hasina hakutulia. Alhamisi alifika mara mbili mpaka mlango wa chumba cha walimu, na mara mbili akarudi. Alijiambia kwamba Jumatano ijayo angerekebisha kimyakimya kabla mtu hajajua. Ijumaa asubuhi akamwona Bi Mwanapili akitoka shuleni na laptopu ambayo kikundi kilikuwa kimeazimwa, uso umemchangamka. Daftari la zamani lilibaki limefungiwa kabatini ofisini. Harusini Hasina alikula vijiko viwili vya pilau akaiacha sahani, na mama yake alipomuuliza ana nini, akasema ni joto.

Jumamosi asubuhi Mzee Fondo, mgema wa jirani, alianguka kutoka juu ya mnazi akavunjika paja. Hasina alisikia habari hiyo akitoka madrasa. Alipopita kwa Bi Mwanapili alimkuta barazani na laptopu mapajani, na binti wa Mzee Fondo amesimama kando yake.

"Damu yake ni O hasi," binti yule alikuwa akisema. "Daktari amesema hawezi kupewa ya kundi jingine, na hospitalini imebaki pakiti moja tu."

"Nimetafuta mara tatu, mwanangu," Bi Mwanapili alimjibu. "Kinaniambia hakuna hata mmoja. Nami nilidhani tulikuwa nao."

Hasina akasimama kando ya ua. Hawakuwa wamemwona, angeweza kuendelea na njia yake. Lakini alikumbuka vizuri jina la Abdulrahim, mlinzi wa hoteli kule Diani, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeandika herufi O na alama ya kutoa mbele yake.

"Shikamoo, Bi Mwanapili," alisema, akisogea barazani.

"Marahaba, mwanangu. Umetukuta na shida."

"Watu wa O hasi wamo humo. Kisanduku kinatazama majina tu. Ni mimi niliyekiacha hivyo, nikamwambia mwalimu kwamba kazi imekamilika."

Bi Mwanapili akasogea mkekani, akampa laptopu kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine. "Mpigie mwalimu wako."

Mwalimu Rispah alikuwa sokoni Ukunda. Alimsikiliza mpaka mwisho. "Hayo tutayazungumza Jumatatu," alisema. "Sasa fungua lile faili. Ongeza kundi la damu peke yake, hifadhi, kisha utafute."

Hasina alikosea herufi, akafuta, akaandika tena. Alipohifadhi na kutafuta, majina matano yakajitokeza.

Bi Mwanapili akaanza kupiga simu. Wa kwanza hakupatikana. Wa pili alikuwa mjamzito, na wa tatu amehamia Samburu, mbali mno. Wa nne alikuwa Abdulrahim, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza zamu. "Naja moja kwa moja," alisema. Wa tano, mama muuza samaki wa Shimoni, alimwachia dada yake meza akapanda bodaboda. Kabla ya adhuhuri wote wawili walikuwa wamefika hospitalini.

Simu hizo zilipokwisha, Mwalimu Rispah hakuwa amemwachilia Hasina. Alimpigia kwa simu ya Bi Mwanapili, wakaongeza sehemu ya simu, ikakubali. Walipoongeza kijiji, ukurasa ukageuka njano.

"Kijiji hakikuandikwa pale kama neno," mwalimu alieleza. "Kimeunganishwa na orodha nyingine, ile ya vijiji. Lazima ukiambie kisanduku kiingie humo kisome jina. Andika kijiji, alama mbili za mstari wa chini, kisha jina."

Hasina akaandika hivyo, akatafuta Shimoni, na wachangiaji wa Shimoni wakaja. Ilikuwa kazi ya dakika mbili.

Alasiri habari zikafika kwamba Mzee Fondo ameongezwa damu na hali yake imetulia. Bi Mwanapili akasema alhamdulillahi. Hasina aliingia ndani kwao, akalia.

Jumatatu alimfuata mwalimu kabla ya gwaride, akaomba msamaha na kuuliza adhabu yake.

"Mwezi huu mzima hutapeleka kazi kwa mtu mpaka mwenzako aijaribu mbele yangu," Mwalimu Rispah alisema. Akamwonyesha kiti, akakaa naye. "Lakini nataka uelewe jambo moja, Hasina. Kukosea mstari si kitu. Mimi hukosea kila siku, na ukurasa wa njano huniambia. Ulipokwama ungeniita, nami nisingekucheka. Uliponiambia umejaribu, hapakuwa na ukurasa wowote wa kunionya. Nililichukua neno lako, nikampa Bi Mwanapili, naye akampa mtu aliyekuwa akipoteza damu. Jumamosi ulisema kweli mbele ya watu waliokuwa na haki ya kukukasirikia. Ukweli wa namna hiyo ndio ninaoutaka siku ya Jumatano, kazi ikiwa bado mkononi mwako."