Kikomo Alichokiondoa Agathe

Mambo haya yalimkuta Agathe, jirani yetu hapa Kasenga. Alinieleza mwenyewe, zamani alipokuwa bado anapenda kuongea.

Siku hiyo ilianza kama siku zote. Agathe alifungua ofisi yake ndogo kando ya barabara, akafagia vumbi la pikipiki, akawasha kompyuta, akaomba umeme usikatike. Kazi yake ilikuwa kutunza tovuti ya misiba. Mtu akifa huku kwetu, watoto wake walioko ng'ambo mara nyingi hawafiki; basi ndugu humletea Agathe video ya mazishi, naye huipandisha kwenye tovuti, walio mbali wapate kulia pamoja na walio karibu. Ni kazi ya heshima, lakini inachosha. Kila siku unaangalia jeneza la mtu.

Juma lile alikuwa ameihamishia tovuti kwenye seva nyingine, yaani kompyuta ya mbali inayoihifadhi, maana ile ya zamani ilizimika kila mara. Kila kitu kilihama salama, picha na majina na sala. Kasoro ilikuwa moja: kila alipopandisha video mpya, tovuti ilimjibu kwamba faili ni kubwa mno. Hakushtuka. Seva mpya huja na kikomo kidogo cha ukubwa wa faili, na mwenye tovuti ndiye anayekiongeza. Agathe alijua pa kukiongezea, ila usingizi ulikuwa umemwelemea.

Ndipo akaingia mzee Gaspard kutoka kijiji cha Runingu, simu mkononi. Walikuwa wamemzika kaka yake mkubwa, Irambona. Binti pekee wa marehemu, Jolie, yuko Kanada, na familia ilikuwa imekubaliana kwamba kilio hakitaisha mpaka mtoto aone baba yake akizikwa, hata kama ni kwa simu.

"Minye nimesha choka, mama," Gaspard alisema. "Bantu bangali ku mikeka, chakula ilisha isha. Jolie aone tu, tumalize kilio."

Agathe akanakili video kwenye kompyuta. Ilikuwa fupi: jeneza, pasta, udongo, amina. Akaipandisha, ikakataliwa. Akaongeza kikomo kutoka megabaiti mbili hadi kumi, akaiwasha seva upya, akajaribu tena. Ikakataliwa. Faili ilikuwa imezidi kumi, kidogo tu.

Alidhani amesoma vibaya. Akaweka ishirini. Faili ikazidi ishirini, kidogo tu.

"Kuna fasi moja nimesahau, muzee," alimwambia Gaspard. Hilo hutokea. Kikomo hicho hukaa mahali patatu, kwenye seva yenyewe, kwenye programu inayoendesha tovuti, na ndani ya tovuti. Ukiongeza mahali pamoja ukasahau pengine, umetwanga maji kwenye kinu. Basi akapita kote. Akaweka hamsini. Akaweka mia. Jibu lilikuwa lile lile, na faili ilizidi kidogo tu.

Akaacha kuiangalia seva, akaiangalia faili yenyewe, pale ilipokaa kwenye kompyuta yake. Ilikuwa inakua. Hakuna aliyeigusa.

Akaifungua, akasogeza mbele mpaka mwisho, kupita amina ya pasta. Watu walikuwa wakiondoka kaburini, migongo yao ikipotea kati ya mihogo. Picha haikuondoka nao.

"Ulibaki pale, muzee?"

"Hapana. Minye nilizima telefone pasta aliposema amina."

Gaspard akasogea aone. Kaburi tu. Udongo mbichi. Majani ya mihogo yakitikisika. Kisha picha ikaanza kushuka. Polepole. Ikaufikia udongo. Ikaingia.

Kioo kikawa cheusi. Ikabaki sauti. Mtu alikuwa akipumua, karibu sana na mbao za jeneza. Halafu akauliza, bila hasira, kwa sauti ya mzee aliyengoja sana.

"Jolie iko wapi?"

Gaspard aliketi sakafuni. Agathe alisema alimhurumia, na papo hapo akamchukia kwa kumletea kitu kile.

"Kaka alitulapisha kiapo," Gaspard alinong'ona. "Alisema, mungoje Jolie anione kwanza. Tukaitika. Kisha mvua ikakuja, bantu bakachoka. Tukamuzika."

Ahadi ni deni, na huyu alikuwa ameanza kudai.

Simu ya Agathe ikalia. Alikuwa Jolie, sauti imekauka kwa kukesha.

"Mama Agathe, nakuomba. Tuma yote, hata kama iko murefu. Nimuone papa yangu mara moja, nipumzike."

Agathe angeweza kukataa. Aliponisimulia alilirudia hilo mara nyingi. Angesema mashine imeharibika, Jolie angelia, na mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa amechoka. Amechoka na umeme, amechoka na joto, amechoka na maiti za watu. Mahali pote patatu pa kikomo akaandika sifuri. Kwa seva, sifuri maana yake hakuna kikomo: chochote kipite, kiwe kikubwa namna gani.

Faili ikapita.

"Namuona," Jolie aliandika. Baada ya muda akaandika tena, "Ananiongelesha."

Gaspard hakungoja zaidi. Alirudi Runingu, mikeka ikakunjwa, kilio kikaisha, watu wakamshukuru Mungu.

Kesho yake Agathe alipigiwa simu na Claire, anayeishi nyumba moja na Jolie kule Kanada. Alikuwa ananong'ona.

"Mama, ile video inaisha wakati gani? Jolie hajainuka tangu jana. Hakuli. Anasema tu, ndiyo papa, nakuja papa. Siye hatusikii kitu."

Agathe akaikagua seva. Ile faili ilikuwa imejaza nusu ya diski, na bado ilikuwa inakua. Haraka haraka akarudisha kikomo. Hakikusaidia. Kikomo huzuia kinachotaka kuingia, na hiki kilikuwa kimeshaingia. Ilibaki kufuta tu.

"Ninaifuta sasa," alimwambia Claire. "Weye mushike mikono."

Akabonyeza. Faili ikatoweka. Agathe akashukuru.

"Ameinua kichwa," Claire akasema.

"Anasema nini?"

"Anauliza kwa nini munamufukia yeye, Jolie. Anasema angali mule ndani, kwa papa yake."

Jolie yuko hai, ukipenda kumwita hai. Anakula akilishwa. Tangu siku ile hajatamka neno jingine, na mzee Gaspard hapokei simu za Kanada.

Agathe aliifunga tovuti. Kabla ya kuifunga aliingia kwenye seva mara ya mwisho. Ile faili haikuwepo popote, hata kwenye takataka. Lakini nafasi yake kwenye diski haikurudi. Siku alipoifuta ilikuwa imechukua nusu. Asubuhi iliyofuata diski ilikuwa imejaa yote.