Pini ya Meitamei

Wewe umewahi kuvuta kitu ambacho hakipo?

Usijibu haraka. Sisemi mzigo wa moyoni, huo waachie wahubiri. Nasema uzito wa ratili kwa ratili, unaokandamiza springi na kuifanya injini ikohoe mlimani, huku nyuma ya gari hakuna tela, hakuna kamba, hakuna kitu. Mimi nimeuvuta. Nikaupima kwa futi ya mshonaji na kuuandika kwenye daftari. Inchi nne na nusu. Daftari ninalo mpaka leo. Gari hatunalo.

Ilikuwa Julai 1957. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka Makerere, na pale kwetu Sambasha, magharibi ya Mlima Meru, nilikuwa nimekwisha kabidhiwa kazi zangu mbili za msomi: kuwasomea watu barua zao, na kuambiwa kwamba nitakosa mume.

Kaka yangu Lemburis alikuwa na Landrova mpya, ile yenye nyuma wazi ya kubebea mzigo. Ukoo mzima uliichangia kwa kahawa ya misimu miwili, ili ivute tela la magogo kutoka msituni. Mafundi wa mjini wangemfungia chuma cha kuvutia tela kwa siku moja. Alikataa. Raha hiyo hakutaka kumpa mtu mwingine.

Barua aliyoniandikia Aprili ilikuwa na kurasa nne. Nusu ukurasa salamu, kurasa tatu na nusu chuma. Alivyotoboa chesisi kwa keekee ya mkono, siku mbili, mpaka viganja vikachubuka. Alivyoongeza bapa moja kwenye kila springi ya nyuma, ili gari lisikalie makalio likibeba mzigo. Alivyokosa pini ya kushikia tela, maana za dukani zilikuwa zinapinda kama mishumaa juani, mpaka akashuka tambarare ya Kisongo kwa mhunzi mzee Meitamei, akafuliwa pini nene kama kifundo cha mkono.

Hapo lazima nieleze. Kwetu watu wanataka mkuki wa mhunzi, hawataki mkono wake. Hawali kwake, hawaozi kwake. Chuma kikitoka kwake unakipaka mafuta ya kondoo kwanza, ndipo unakishika, la sivyo kitakufuata nyumbani na mabaya yake. Hata wazee wa kanisa wanapaka. Jumamosi wanapaka, Jumapili wanaimba sauti ya nne.

“Mzee anataka kupanda tela siku ya kwanza, aone pini yake inavyofanya kazi,” Lemburis alimalizia. “Ana hamu kama mtoto.”

Barua ya Juni ilikuwa na mistari sita. Hapakuwa na chuma hata kimoja.

Niliporudi nikakuta tela limeegeshwa nyuma ya zizi, limeota nyasi. Kaka amekonda, shati linamning'inia. Yeyo, mama yetu, akanivuta jikoni.

“Lile gari linavuta kitu,” akaninong'oneza. “Kila jioni, likipanda mlima. Hakupaka mafuta chuma cha mhunzi. Amekiri mwenyewe.”

“Yeyo, gari likiwa zito anaitwa fundi.”

“Ameitwa mganga.”

Mganga alikuwa amekuja kweli, kutoka mbali, kwa sababu wa karibu tunawajua. Alizunguka gari mara saba, akataka mbuzi mweusi, akamla. Gari likabaki zito.

Basi siku iliyofuata, kaka alipotumwa mjini kuchukua mafuta ya taa na misumari ya kanisa, nikaingia naye. Mkobani nilitia futi ya kushonea ya yeyo. Nilitaka tarakimu. Nimechoka kuishi na watu wanaoogopa vitu ambavyo hawajavipima.

Saa kumi jioni tukapita Ngarenaro, karakana ya Gurbachan, fundi mzee ambaye ndevu zake zilikuwa safi kuliko kitu chochote pale ndani. Kaka hakushuka. Alibaki ameshika usukani, macho kwenye kioo kidogo cha nyuma.

“Shikamoo, mzee Gurbachan.”

“Marahaba, mwalimu. Kaka yako alikataa kazi yangu, leo anataka dawa yangu?” Alikuwa amekwisha jilaza chali chini ya gari, sauti ikitokea huko. “Bolti nzuri. Springi nzuri. Mbishi huyu, lakini mkono anao. Ona gari tupu lilivyoinua mgongo, kama punda anayetaka kupiga teke.”

Nikapima kutoka ardhini hadi ukingo wa chini wa bampa la nyuma. Inchi ishirini na mbili. Nikaandika.

Gurbachan alipotoka akanisogelea, akashusha sauti.

“Mwezi uliopita alikuja nimkatie hiyo pini kwa moto. Nikamwambia, bwana, pini inachomolewa kwa mkono, kwa nini kukata? Akasema tangu alipolifungua tela na kuirudisha pini tunduni, haitoki. Nikacheka. Nikavuta mimi... haitoki.”

“Imeshika kutu.”

“Kutu gani? Inang'aa. Iguse.”

Nikaigusa.

Ilikuwa ya moto. Si vuguvugu, ya moto, kama kitu kilichotoka jikoni sasa hivi.

“Injini imeipasha,” nikasema.

“Injini iko mbele, mwalimu,” akasema Gurbachan, akaingia ndani.

Tulimaliza kupakia saa kumi na mbili. Madebe mawili ya mafuta ya taa na kisanduku cha misumari, mzigo ambao hata punda asingelalamika. Tukaiacha barabara kuu, tukapita mashamba ya kahawa, tukaanza kupanda. Ukungu ulikuwa unateremka kutoka mlimani kama kawaida ya Julai.

Uzito ukaja.

Umewahi kulala kitandani, mtu akaja akakaa miguuni pako gizani? Ndivyo ulivyokuja. Gari lilishuka nyuma taratibu, kwa adabu, na pua yake ikainuka. Injini ikabadilisha sauti. Kaka akarudisha giya bila kushangaa, kama mtu anayefungua mlango kwa mgeni wa kila siku.

Halafu, nyuma yetu...

Ngo. Ngo. Ngo.

Chuma juu ya ubao. Lemburis akakanyaga mafuta, gari likaruka mbele.

“Nini hicho?”

“Mawe.”

“Mawe hayahesabu mpaka tatu, kaka.”

Jasho lilikuwa linamtiririka shavuni, na baridi ile ilikuwa ya kuvaa sweta mbili.

“Ni yale mafuta,” akanong'ona. “Sikuipaka pini. Nilijifanya mtu wa kisasa, nikaishika hivi hivi. Sasa laana ya mzee inanifuata. Umeridhika, msomi?”

“Simamisha gari nipime.”

“Hapa hatusimami!”

Hakusema, alipiga kelele. Nikatazama nje, nikajua tulipo. Ni pale penye mteremko mkali wa udongo mwekundu, ambapo upande wa kushoto ardhi inakatika na kuwa korongo. Wakati wa masika dereva hasimami hapo na mzigo, hata akiona nini. Ukisimama, matope yanakurudisha nyuma, na nyuma hakuna barabara. Lakini hii ilikuwa Julai. Udongo ulikuwa mkavu.

Ngo. Ngo. Ngo.

Akakanyaga tena. Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikazima.

Nikavuta handibreki, nikachukua tochi, nikashuka. Nilifanya anachofanya kila mtu wa milimani: nikatafuta jiwe kubwa nikaliweka nyuma ya gurudumu. Nikapiga magoti na futi yangu. Nikapima mara mbili.

Kumi na saba na nusu.

Nikamulika nyuma. Hapakuwa na tela. Hapakuwa na mtu. Lakini kutoka chini ya kile chuma, vumbini, ilianza mistari miwili. Iliteremka pamoja na njia tuliyopanda, sambamba, mpaka ukungu ulipoimeza. Si ya magurudumu. Ilikuwa myembamba, ya kina, kama ya visigino.

Na harufu. Moshi wa mkaa... na mafuta ya kondoo yaliyoungua.

Nikaishika pini kwa upindo wa gauni. Bado ya moto. Ilikuwa imeganda tope jekundu shingoni, tope la masika, gumu kama kigae. Nikalibandua kwa kucha.

Chini ya tope palikuwa na mafuta.

Mafuta ya kondoo, ya kale, yamekuwa ya njano, yamepasuka pasuka. Si grisi. Grisi naijua. Nilitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Mafuta chini, tope juu. Yaani mafuta yalitangulia. Yaani pini ilipakwa kabla haijawahi kuvuta kitu, kwa heshima zote, na mtu anayefuata mila barabara.

Jiwe likasogea.

Sikulisukuma. Lilisaga udongo, krrr, likasogea kidole kimoja. Gari lilikuwa linarudi nyuma, handibreki imevutwa, jiwe likiwa mahali pake.

Ningeweza kubaki nje. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikubaki. Niliingia, nikafunga mlango, kwa sababu kaka yangu alikuwa ndani na mguu wake ulikuwa juu ya breki.

“Shuka, twende kwa miguu,” nikamwambia.

“Mlango wangu haufunguki.” Aliusukuma kwa bega nikaona. “Ukifika hapa haufunguki.”

“Pita kwangu.”

“Nikitoa mguu kwenye breki tunakwenda.”

Tukarudi inchi nyingine. Nikasikia vijiwe vinaporomoka upande wa kushoto, vinaporomoka... na sikusikia vilipofika.

“Lemburis. Pini ina mafuta.”

Alikaza macho kwenye kioo.

“Mafuta ya Aprili, chini ya tope la Aprili. Uliipaka. Laana hiyo umeibuni, ukampa yeyo aamini, ukamlisha mganga mbuzi wa watu. Kwa nini?”

Ngo.

Ngo.

Ngo.

Mguu wake wa kulia uliruka kutoka kwenye breki kwenda kwenye mafuta, wenyewe, kama goti linavyoruka daktari akiligonga. Injini ilikuwa imezima. Gari likateleza hatua nzima nyuma, akairudia breki huku akilia.

“Kila ikigonga mara tatu unakanyaga,” nikasema. Sauti yangu sikuitambua. “Kila mara. Meitamei yuko wapi?”

“Alishuka njiani. Alirudi Kisongo.”

“Nani alimwona?”

“Nani anamtafuta mhunzi, Namnyaki?” Akageuka kunitazama kwa mara ya kwanza jioni ile. “Miezi mitatu. Kuna mtu hata mmoja amekuja kuuliza? Mmoja?”

Hilo ndilo lililonitisha kuliko ile mistari ya vumbini. Kwa sababu ni kweli. Hata mimi, tangu nirudi, nilikuwa nimeuliza habari za pini. Za mzee sikuuliza.

Gurudumu la nyuma la kushoto likatoka kwenye udongo. Nililihisi likikosa kitu cha kukanyaga. Gari likainama, madebe ya mafuta ya taa yakateleza nyuma yetu yakagonga ubao. Kioo kidogo cha nyuma kikafunikwa na ukungu, kutoka ndani, kama kuna mtu amekihemea.

“Sema,” nikanong'ona. “Kaka, tutakufa wote. Sema.”

“Magogo yalikuwa kumi na manne.” Alianza kama anasoma barua. “Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Alitaka kusimama kwenye mkono wa tela, pale kwenye pini, aione. Nikamruhusu. Tukapatana. Pini ikilegea, au yeye akiteleza, agonge ubao kwa nyundo yake mara tatu, nisimame.”

Akaonyesha nje kwa kidevu.

“Hapa, Namnyaki. Ilikuwa hapa. Ningesimama na magogo yale tungeingia korongoni. Gari jipya. La ukoo. Nilipofika juu nikashuka kutazama, na tela lilikuwa... lilikuwa tupu pale mbele. Nyundo tu. Imenasa kwenye mnyororo.”

Ngo.

Gari halikusogea.

Ngo.

Tukasubiri ya tatu. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, na nadhani kuna mwingine aliyesubiri pamoja nasi, kwa sababu kulikuwa na pumzi tatu ndani ya gari lile.

Ya tatu haikuja.

“Uligonga,” kaka yangu akasema, kwa sauti kubwa, na hakuwa anasema na mimi. Alikuwa anatazama kwenye kioo. “Nilisikia, mzee wangu. Nilizisikia zote tatu. Nikakanyaga mafuta.”