Chumba cha Majid

Mniwie radhi, hadithi hii nitaiharibu. Mimi nimefunzwa kuchekesha watu jukwaani, na mchekeshaji akisimulia la kutisha huwa kama mpishi wa biriani aliyeambiwa aoshe maiti: mikono anayo, adabu hana. Nistahamilini.

Basi. Kila Ijumaa tulikuwa tukenda Samad Ash Shan, huku Oman, watu wa kujitolea, kuujenga upya mtaa mkongwe wa udongo uliokuwa ukiporomoka. Tunakanyaga udongo na makapi, tunafyatua matofali, tunapandisha kuta, ili wajukuu waone walivyoishi mababu. Wajukuu wenyewe wako garini, wamewasha kiyoyozi. Mgongo wangu ulichoka mpaka nikicheka unauma.

Nyumba tuliyokuwa tukiijenga ilikuwa ya kina Bi Shukriya. Alizaliwa humo, akapelekwa Unguja mtoto, akarudi Oman mtu mzima. Tukifanya kazi, yeye hukaa mkekani akitutilia kahawa. Ghorofani kulikuwa na chumba ambacho mlango wake umezibwa kwa udongo. Alitusihi tusiuguse.

"Kakangu Majid alizikwa, nami naona," alituambia. "Lakini hakufa. Wachawi walimchukua, wakatuachia kivuli tukakizika. Halafu akawa anaita kutoka mle chumbani. Mama akapaziba. Akasema, atakayeitika ndiye atakayechukuliwa."

Wadhah, msimamizi wetu, kijana wa heshima zake, akasema, "Samahani, bibi. Picha ya zamani inaonesha mlango. Tukiacha ukuta, tumedanganya watu."

Tukaubandua ule udongo mpaka nusu. Adhana ya Magharibi ikatukuta hoi. Tukateremka.

"Ami Anuari," Wadhah akaniambia, "ndoo zimebaki juu."

Nikapanda peke yangu. Vumbi. Giza changa. Na harufu... ya kafuri, ile anayotiwa maiti.

Bi Shukriya, niliyedhani yuko mkekani, alikuwa amekaa sakafuni mbele ya ule mlango, sikio ukutani.

"Mamangu, wafanya nini huku?"

"Shii..."

Ko... ko... ko.

Kisha sauti ya kijana, ya ndani kabisa, iliyochoka kama ya mtu aliyebebeshwa gunia akasahauliwa.

"Shukriya... Shukriya, uko wapi?"

Nywele zilinisimama, nami nina kipara.

"Twende zetu," nikamnong'oneza. "Walahi usiitike."

"Kaniita umri wangu wote, Anuari. Yeye kachoka, na mimi nimechoka. Wacha nimwitikie mara moja, nife zangu."

"Hufi! Unachukuliwa! Si umesema mwenyewe?"

"Sasa hapa nilipo, mwanangu, nipo?"

Nikamvuta mkono. Ulikuwa baridi, mzito kama jiwe la kusagia.

"Shukriya..."

Midomo yake ikafunguka.

Mimi duniani najua kazi moja tu, kuiga sauti. Ile ya Bi Shukriya nilikuwa nikiwachekeshea vijana kazini, mpaka mwenyewe hufuta machozi kwa kicheko. Nikamziba mdomo kwa kiganja. Nikajiambia, huyu wa ndani nitamlaghai. Nikaitika kwa sauti ya bibi, na kutetemeka kwake:

"Labeka, kaka..."

Udongo ukadondoka kidogo. Harufu ikakatika. Mle ndani mtu akashusha pumzi ndefu, kama aliyetuliwa mzigo.

Nikamteremsha Bi Shukriya. Mzima! Anatembea kwa miguu yake! Nilikuwa nikijisifu kimoyomoyo Wadhah alipomuuliza, "Bibi, hujambo?"

Akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Hakijatoka mpaka leo. Daktari amemtazama koo, hakuona ila yoyote. Nikenda kumwamkia shikamoo, hunipokea kwa mkono, hunitilia kahawa, kisha hunitazama tu. Mlango tumeuziba tena. Wadhah ndiye aliyekanyaga udongo, wala hakuna aliyemwambia.

Sauti ya Majid haijasikika tena. Lakini wanaopita pale jua likizama wanasema kuna bibi anaita kutoka ghorofani, taratibu, na kutetemeka kwake.

"Anuari... Anuari, mwanangu..."

Watu wa Samad wanawalaani wachawi. Jamani, msiwaonee. Wachawi waliita tu, wakangoja. Aliyewapelekea sauti ya bibi wa watu, tena bila ya kumuuliza mwenyewe, ni mimi.